Nilivyombana Baba Mkubwa Akaenea Kwenye Flashi

Jamani, leo nimeaibika mpaka mgongoni. (Mgongoni kabisa. Mtaelewa mkifika huko chini.)

Naanza na swali lililoninyima usingizi, maana aibu yote imetoka humo. Marehemu asipoenea kwenye flashi, unapunguza nini: sura yake, au mwendo wake?

Msishangae. Naeleza.

Leo tulikuwa tunaondoa matanga ya baba mkubwa Venant, kaka wa baba yangu, nyumbani kwake Gasenyi. Baba mkubwa alikuwa msemaji. Mnajua kwetu familia ya kijana ikija kuposa, wazazi hawasemi kitu. Kila upande unaweka mtu wake wa maneno. Wa upande wa kijana anaomba kwa kuzungukazunguka, wa upande wa binti anajifanya hajui hata wamefuata nini, na wageni wanakunywa huku wakihukumu nani mkali. Baba mkubwa alikuwa mkali. Siku aliyomsemea dada yangu Goreth, aliwatesa wakwe mpaka wakaanza kutazamana. Siku hiyo mimi nilikuwa masomoni, lakini ilipigwa video, ikawekwa kwenye DVD.

Zilitoka mbili. Moja ilikwenda kwa binamu yetu wa Buterere, ambaye hatimaye aliitundika katikati ya mpunga wake ifukuze ndege. (Ndege waliogopa, sikatai.) Nyingine ilibaki kwa Goreth, na watoto wake waliitumia kama sahani, kioo na usukani wa gari. Ikawa kila ikichezwa inakwama palepale: baba mkubwa anasimama kusema maneno yake ya mwisho, anafungua mdomo, anaganda.

Sasa, maneno hayo ya mwisho yalimhusu mke wake, mama mkubwa Konsolata. Yeye siku ile alikuwa jikoni. Alisikia watu wakipasuka kwa kicheko, akatoka mbio na mwiko mkononi, akakuta yamekwisha. "Mume wako amekusemea!" wakamwambia. Amesema nini? Wakazidi kucheka. Usiku akamuuliza mwenyewe. Mzee akatabasamu, akaomba maji ya kunywa, akalala. Kila alipomuuliza ilikuwa hivyo hivyo, hadi akafariki nayo.

"Fabrice," mama mkubwa aliniambia juzi, akinikabidhi ile DVD iliyofungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, "we ulisoma. Nitafutie hiyo sauti. Mi nataka kujua tu alisema nini juu yangu."

Nilisoma uchumi wa kilimo. Lakini katika familia yetu, mwenye diploma na kompyuta ni fundi wa kila kitu chenye waya.

Jana niliipaka ile DVD dawa ya meno, nikaisugua taratibu na kitambaa, nikaiingiza kwenye kompyuta. Ilinguruma kama mashine ya kusaga mihogo. Nilisimama wima muda wote, sikuthubutu kukaa, eti nikikaa itashtuka. Ikafika pale inapokwama. Ikakwama. Nikasali. Ikapita! Filamu yote ikaingia kwenye kompyuta, na DVD yenyewe ikatoa sauti moja ya "krii", na tangu hapo hakuna mashine inayoitambua. Imekufa. Kwa hiyo baba mkubwa alibaki sehemu moja tu duniani: kwenye kompyuta yangu, ambayo betri yake ilikwisha zamani na inaishi kwa waya.

Mnaona nilivyokuwa na sababu ya kukosa usingizi?

Na faili lilikuwa kubwa mno. Tele ya mama mkubwa inasoma flashi yake moja tu, nyingine inazikataa, na flashi hiyo imejaa nyimbo za kwaya. "Usiguse kwaya," alinionya. "Hata moja." Basi ilibidi nibane filamu ienee kwenye nafasi iliyobaki.

Programu ya kubana video inauliza maswali mengi kuliko padri anayekuandaa kwa ndoa. Unataka ubora gani? Kioo cha upana gani? Picha ngapi kwa sekunde? Nikishusha ubora, uso wa baba mkubwa unakuwa vigae. Mwanamke ameomba mume wake, nimpe ukuta wa bafu? Nikipunguza picha za kila sekunde, uso unabaki safi, ila mtu anatembea kwa kukatikakatika kidogo. Niligeuka kitandani upande huu, nikageuka upande ule. Sura au mwendo? Alfajiri nikajiambia: mzee alikuwa na goti bovu, hata hivyo alikuwa anatembea kwa kukatika. Punguza mwendo.

(Niliogopa pia kwamba watu watatokea wanene, au wembamba, au wa kijani, au tele itaonyesha kwaya badala ya posa. Niliogopa kila kitu isipokuwa kile kilichotokea. Hicho ndicho kipaji changu.)

Asubuhi nikabonyeza "anza". Asilimia zikaanza kupanda, polepole, kama mzee anayepanda ngazi.

Shati langu jeupe lilikuwa halijapigwa pasi. Nikawaza: nikichomeka pasi ya umeme kwenye waya uleule, umeme utakatika, kompyuta itazima, baba mkubwa atakufa mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi. Akili, si ndiyo? Nikaenda kuazima pasi ya makaa kwa jirani yangu hapa Kamenge, Mama Zaina.

"Chukua, mutoto yangu," akasema. "Lakini hii pasi iko kali. Usiache ilale juu ya nguo."

"Apana, Mama Zaina, nitaiangalia."

Niliiangalia. Kwa kweli niliiangalia. Ila nilikuwa naangalia asilimia pia. Nikapiga kola, nikapiga kifua, nikageuza mgongo, nikainua macho kwenye kompyuta, na zile asilimia zikasimama. Zikagoma kabisa! Nikasogea. Nikakaza macho. Hapo nikasikia harufu ya kuungua.

Nikajua ni kompyuta.

Nikaishika huku na huku. Nikainusa. Nikagusa waya, nikapapasa ukuta, nikaikumbatia ile mashine nikiipepea kwa daftari. "Usife, usife, usife!" Asilimia zikaanza tena kupanda. Asante Mungu! Lakini harufu ikazidi. Ndipo nikageuka.

Mgongoni mwa shati langu palikuwa na pasi nyingine, iliyochorwa kwa rangi ya kahawia, imenyooka vizuri, ncha juu. Fundi wa matangazo asingeichora hivyo.

Shati jingine jeupe sina. Nikalitazama koti langu, lile nililovaa siku ya kupokea diploma, zito, la kitambaa cha nchi za baridi. Nikajiambia: leo koti halitoki mwilini. Hata iweje.

Kazi ya kubana ikaisha. Nikafungua faili dogo. Wimbo, wageni wanaingia, wanawake na vikapu vichwani. Safi! Nikarudisha mwanzo. Wimbo, wageni, vikapu. Safi! Nilihakiki mwanzo ule mara nyingi mpaka nikavijua vikapu na wenyewe. Kisha nikapeleka mshale kule mwisho, kwenye maneno yenyewe, ili nihakiki na huko.

Mkono ukagoma. Fikirieni. Mwanamke ameyasubiri maneno haya miaka yote hii, halafu mimi niyasikilize kwanza, chumbani kwangu, nikiwa na bukta? Maneno ya mkubwa yana mwenyewe. Nikirudi kwake na uso wa mtu ambaye tayari anajua, si atanisoma? Nikaurudisha mshale. Heshima.

(Heshima hiyo ndiyo iliyonimaliza.)

Halafu kompyuta ikalalamika kwamba imejaa, hata flashi haitaki kuifungua. Nikachagua lile faili kubwa nilifute. Ikaniuliza: una uhakika? Mimi, ambaye katika maisha yangu sijawahi kuwa na uhakika hata wa jina la mtaa wangu, leo nikabonyeza ndiyo.

Nikafika Gasenyi watu wakitoka misa, padri akiwa kati yao. Turubai limetandazwa uani, viti vimejaa, jua limekaa juu ya turubai kama mgeni aliyealikwa. Na mimi ndani ya koti. Jasho lilianza kichwani likashuka kwa mpangilio.

"Fabrice, vua hiyo koti," Goreth akasema kabla hata ya salamu.

"Niko sawa."

"Uko sawa? Unachuruzika kama bomba. We, unaficha nini?"

"Ni heshima ya marehemu."

"Marehemu mwenyewe alikuwa anavaa singlendi!"

Nikakimbilia upande wa tele. Hapo nikamkuta mzee Libère. Huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa kijana siku ya posa ya Goreth, baba mdogo wa shemeji yangu. Alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, suti ya bluu, mke wake kando yake, na telekomandi ya tele tayari ameshaishika mkononi.

"Kijana, we ndiye fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi natokea humo?"

"Unatokea, mzee."

"Vizuri? Maana siku ile nilisema maneno mazito. Venant alinishinda kwa ukaidi tu, si kwa maneno." Akamgeukia mke wake. "Leo utaona."

Chakula kikaletwa. Mama mkubwa mwenyewe alipika maharage, alikataa kusaidiwa, eti ni matanga ya mume wake. Maharage yake tunayafahamu wote. Unakula kijiko, unakunywa maji, unamsifu, unakunywa maji. Mimi ndani ya koti lile nilikunywa chupa nzima na yote ikatokea shingoni. Yeye akapita katikati yetu akiangalia sahani. "Kuleni, kuleni!" Akafika kwangu, akainama, akaninong'oneza: "Iko tayari?"

"Iko tayari, mama mkubwa."

"Na yale maneno? Yamo?"

"Yamo."

"Umeyasikia?"

"Apana. Nimekuachia wewe."

Akanishika shavu. Macho yake yakalowa. "We ni mutoto mwenye akili," akasema.

(Shikeni hilo. Litahitajika kwenye kesi.)

Tele ikawekwa juu ya meza. Nikachomeka flashi. Mapigo yangu ya moyo niliyasikia kwenye kola. Kioo kikawaka: wimbo, wageni, vikapu! Watu wakapiga makofi. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Baba mkubwa akatokea, uso safi, hakuna kigae hata kimoja, na mama mkubwa aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na meza akaweka mkono mdomoni. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikaenda kusimama nyuma ya viti, kwenye upepo.

Kitu cha kwanza nilikiona mimi peke yangu. Kwenye kioo bwana mmoja alikuwa anachokonoa meno, lakini wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Nikajiambia wanamshangilia mtu mwingine.

Cha pili, kreti za bia zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia kwenye kioo, mikononi mwa vijana, na tayari chupa zinasikika zikifunguliwa, pa, pa, pa. Nikajiambia labda wana nyingine.

Cha tatu, kwenye kioo kila mtu alisimama, vichwa chini, kuwakumbuka marehemu wa familia zote mbili. Kimya cha heshima. Na katika kimya hicho, kwa sauti kubwa, tele ikasema:

"Leta ingine huku! Hii iko na povu tu!"

Turubai zima likalipuka. Goreth akageuka kunitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeganda kuliko ile DVD.

Ndipo nikaelewa, na mgongo wangu ukapoa licha ya lile koti. Niliomba picha zipunguzwe, na programu haikuzipunguza. Ilizitembeza polepole tu. Sauti yenyewe iliendelea na mwendo wake wa kawaida. Kwa hiyo kila dakika iliyopita, sauti ilikuwa inaiacha picha nyuma kidogo zaidi. Pale mwanzo, kwenye wimbo na vikapu, nani angejua? Lakini hapa tulipofika, sauti ilikuwa imetangulia hotuba nzima.

Hotuba nzima! Na wanaosema ni wawili, kwa zamu!

Kwenye kioo mzee Libère akasimama, akarekebisha tai, akanyoosha mikono kuwaomba wakwe. Mzee Libère wa kwenye kiti naye akajiweka sawa, akamgusa mke wake kwa kiwiko. Na kutoka kinywani mwa Libère wa kwenye kioo ikatoka sauti ya baba mkubwa Venant, nzito, yenye kikohozi chake kilekile:

"Goreth? Goreth ni nani? Hapa hatuna mutoto wa jina hilo. Mumepotea njia, ndugu zangu. Maliza bia yenu murudi."

Kicheko kikakatika. Mnajua jinsi inavyokuwa kusikia sauti ya mtu uliyemzika. Sasa isikieni ikitoka kwa mtu aliye hai, aliyekaa pale pale mbele yenu na suti ya bluu.

Shangazi yetu mmoja mzee akafanya ishara ya msalaba. "Yezu wangu! Venant ameingia mu Libère!"

"Hajaingia mutu hapa!" mzee Libère akaruka wima. "Hiyo si sauti yangu! Hiyo mudomo ni yangu, sauti si yangu! Fundi iko wapi?"

Kabla fundi hajajificha vizuri, baba mkubwa akasimama kwenye kioo. Mkaidi. Mtu ambaye hakuwahi kumwomba mtu hata kiberiti. Akainua kidole kile cha kukataa, na kwa sauti nyembamba ya mzee Libère akasema:

"Tunawapigia magoti, wazee wetu. Tuhurumieni."

Ooh! Watu walianguka. Mmoja alimwaga soda. "Venant anaomba! Venant anapiga magoti!" Binamu wa Buterere, yule wa ndege, alikuwa anajipigapiga mapaja. Mzee Libère alikuwa anabonyeza telekomandi yote, na tele haikumsikia hata kidogo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu. Sauti imetangulia hotuba moja. Maneno ya mwisho ya baba mkubwa, yale yanayomhusu mke wake, yatatoka wakati kwenye kioo anasema Libère. Maana yake, punde tu, mbele ya familia zote mbili, mbele ya padri, mbele ya mke wake wa ndoa aliyekaa kando yake, mzee Libère ataangalia kamera na kumsemea mama mkubwa Konsolata maneno ya mapenzi.

Nikatoka mbio kuelekea meza. Nitachomoa flashi. Nitasema imeharibika. Nitahama mji. Nikanyoosha mkono.

Mkono mwingine ukanishika kifundo cha mguu. Ulikuwa wa mama mkubwa, kutoka pale kwenye mkeka. Hakuwa anacheka, wala hakuwa anatazama kioo. Alikuwa amefumba macho.

"Usizime, Fabrice," akasema. "Ni yeye. Namusikia."

Nikasimama hapo, jamani, katikati ya tele na watu. Nikizima, nimemnyima. Nisipozima, atayasikia kutoka mdomo wa mtu mwingine, na vicheko hivi vitayafunika, kama vilivyoyafunika siku ile akiwa jikoni. Nikamwangalia Goreth: analia kwa kicheko. Nikaangalia meza nipate cha kufunikia kioo: hakuna kitambaa. Nikaangalia turubai, mikeka, vitenge vya watu vilivyo viunoni mwao. Kwenye kioo Libère alikuwa tayari anashika glasi, anajiandaa. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kufunika kioo hicho, na nilikuwa nimekivaa.

Nikawaza lile shati. Nikawaza mara moja tu. (Kwangu mimi hiyo ni rekodi.)

Nikavua koti.

Nikalitupa juu ya tele. Likateleza, ni zito. Nikalishika kwa mikono miwili, nikalibana kwenye pembe za kioo, miguu nimetanua, uso kwa tele. Na mgongo, ndugu zangu, mgongo kwa watu wote.

Kisha Goreth, ambaye Mungu alimpa sauti ya kengele ya kanisa:

"Fabrice! Mgongo wako umepigwa pasi na nani?"

"Na pasi iko bado ndani!" mtu akaongeza.

Ningeweza kugeuka. Nikigeuka, koti linaanguka. Sikugeuka. "Nyamazeni," nikasema kuelekea kitambaa cha koti, na sijui nguvu ilitoka wapi, "nyamazeni, anasema!"

Wakanyamaza. Na kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, familia mbili nzima zilimsikiliza baba mkubwa zikiitazama ile pasi ya mgongoni mwangu.

"Basi," sauti ya baba mkubwa ikasema ndani ya koti, "tumemuona huyo Goreth, alikuwa amejificha. Muchukueni. Lakini we kijana, nikuambie kitu moja, halafu nikae. Konsolata, muke wangu, anatia chumvi nyingi." Hapo kicheko cha siku ile kikasikika, na glasi. "Tangu wiki ya kwanza. Sijamwambia mpaka leo. Nakula, nakunywa maji, nalala. Kesho yake, jua likianza kushuka, naacha kazi mbele ya wenzangu na naharakisha kurudi kwake. Wananiuliza, Venant, unakimbilia nini? Kijana, kama utakuwa unakimbilia nyumbani hivyo, basi muchukue. Kama apana, acha mutoto wetu."

Vigelegele vikasikika kutoka kwenye tele.

Jasho lilikuwa linaingia machoni, na sikuwa na mkono wa kulifuta. Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo, kama ya mtu aliyekwamwa na kitu kooni. Ni mama mkubwa. Nikasema basi, nimemwaibisha siku ya kuondoa matanga ya mume wake. Kumbe ni kicheko. Alikuwa anacheka, taratibu, kisha kwa nguvu, anapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Maji!" akasema. "Kumbe ndiyo sababu! Kila nikimuuliza, anaomba maji!"

Ndipo turubai likacheka naye. Hata mzee Libère akaketi, akamwambia mke wake kwamba ukaidi wa Venant ulikuwa na maneno ndani, lazima akubali. Nikaacha koti, likaanguka lenyewe. Picha na sauti vyote vimo kwenye faili. Nitavipatanisha, na nakala nitaziweka kila mahali, hata kwenye simu ya padri.

Nilidhani imekwisha. Nikawa najisogeza kando, mgongo ukutani, mama mkubwa akanyanyuka.

"Subiri," akasema. Hakuwa anacheka tena. Aliangalia zile sahani zote, zile chupa za maji zilizokwisha kila upande. "Kwa hiyo ni kweli? Maharage yangu yana chumvi nyingi?"

Mzee Libère akatazama turubai. Goreth akafunga kiatu kisicho na kamba. Padri akakumbuka simu yake. Watu wazima!

"Fabrice." Akanigeukia. "We ulisoma. Huwezi kunidanganya. Sema."

Nikisema ndiyo, nimeivunja siri ya mtu aliyeitunza maisha yake yote ya ndoa, siku ileile tuliyomrudishia. Nikisema apana, namdanganya mjane mbele ya padri. Nikisema kidogo, ataniuliza kidogo kiasi gani. Nikizirai, nitaangukia tumbo, na mgongo utaonekana tena. Watu wote wananiangalia. Na yeye anasubiri, na sufuria iko pale pembeni, bado nusu.

Nikaokota sahani. Nikaenda mpaka kwenye sufuria, polepole, shati na pasi yake vikipita mbele ya kila mtu. Nikajipakulia mpaka juu. Nikala kijiko cha kwanza nikimtazama machoni, nikala cha pili, bila tone la maji, na sikuacha mpaka sahani ikawa nyeupe.

Tafadhali, asinicheke mtu. Aliye karibu na Kamenge aniletee maji tu.